Mtoto kazaliwa vidole vimeshikana, mama yangu anamlaumu bibi (mke) wangu

BabaFuraha, Bukavu: Wapendwa, naomba ushauri. Bibi yangu amejifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, ila mkono wa kuume kidole cha kati na cha pete vimeshikana kwa ngozi hadi kwenye kucha. Mama anasema ni kwa sababu bibi alikula bata akiwa na mimba. Sasa bibi anamfunika mtoto mkono kila wageni wakija. Nimwambie nini mama? Na mtoto apasuliwe lini?

Muuguzi wa Kadutu: Hongera kwanza. Bata hana kosa. Yapata wiki ya 6 tangu mimba kutungwa, mkono wa mtoto ni kama kasia dogo, vidole vimo ndani kama mistari ya gegedu, kile kitu laini kinachotangulia mfupa. Halafu seli za katikati zinakufa zenyewe, na kufikia wiki ya 8 vidole vimeachana. Kwa binti yako, seli za pale hazikufa zote.

Kijana Goma: Lakini bata mwenyewe si ana ngozi katikati ya vidole? 😂

Mwalimu wa Biolojia: Anayo, na sababu inajulikana. Amri ya kufa inaletwa na protini zinazoitwa BMP. Kuku na bata wote wanazo, ila katikati ya vidole vya bata kuna protini nyingine, Gremlin, inayozizuia. Hayo hufanyika ndani ya yai lake. Hayapiti kwenye sahani kwenda kwa mtoto wa mtu.

BabaFuraha: Aksanti sana. Ila kile cha pete hakikunjiki vizuri. Kiungo kipo kweli?

Mwalimu wa Biolojia: Kidole huanza kama ufito mmoja wa gegedu. Penye kiungo, seli zinaacha kuwa gegedu, zinajipanga utepe mwembamba, kisha uwazi unafunguka. Hata kuchezacheza tumboni kunasaidia: vifaranga waliopoozwa ndani ya yai maabarani, viungo vyao viliungana.

Muuguzi wa Kadutu: Usihangaike kabla ya kupiga radio (picha ya mifupa). Huenda mifupa imeachana na ni ngozi tu inavuta. Wapasuaji wengi husubiri mtoto afikishe mwaka 1 hadi 2. Mara nyingi huchukua ngozi sehemu nyingine ya mwili kuziba pembeni, kwa hiyo asije mtu na wembe wake! Halafu, upande wako hakuna mwenye vidole vya mguu vilivyoshikana? Hali hii hurithiwa mara nyingine.

BabaFuraha: Ee Mungu. Mama mwenyewe, cha pili na cha tatu, mguu wa kushoto.

Kijana Goma: Basi muulize kwa heshima, koko, yaani mama yake, alikula bata wangapi.