Mrejesho: masizi sugu ya rivolva yametoka

Salamu wakuu, kutoka Nakuru. Niliuliza jinsi ya kung'oa masizi yaliyoganda kwenye rivolva yangu ya .357 Magnum (kibali ninacho, msianze), maana risasi zilikuwa zinakwama kwenye silinda (kile kipande cha mviringo chenye matundu ya kuwekea risasi).

Mzee aliyesema nichunguze risasi za mazoezi alipiga penyewe. Mazoezini natumia risasi za .38 Special, ambazo rivolva ya .357 Magnum huzipiga pia, kwa sababu ya bei. Ganda lake ni fupi kwa zaidi ya milimita 3, kwa hiyo masizi hujijenga pale mdomo wake unapoishia, yakaacha pete nyeusi ndani ya kila tundu. Ganda refu la Magnum likija, linagota hapo.

Nilihakikisha haina risasi, nikachomoa silinda, nikalowesha matundu kwa dawa ya kusafishia bunduki na kuiacha usiku kucha. Asubuhi nikaingiza brashi ya shaba, nene kidogo kuliko tundu, nikiisokota kwa mkono. Yalibanduka magamba meusi kama ukoko wa ugali! Nikafuta kwa vitambaa hadi vikatoka vyeupe.

Aliyependekeza msasa, hapana kaka. Msasa unakula chuma, na tundu likishapanuka halirudi.

Weusi wa usoni mwa silinda nimeuacha nusunusu. Hauzuii kitu, na ukipiga risasi chache tu unarudi. Kuusugua sana ni kuharibu rangi ya bunduki bure.

Sasa Magnum zinadondoka zenyewe ndani. Brashi napitisha kila nikitoka mazoezini, masizi yakiwa bado laini. Asanteni sana.