Mrejesho: msamiati wa Kiingereza, kamusi nimeiweka pembeni

Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Miezi minne iliyopita niliuliza nifanyeje msamiati wa Kiingereza uongezeke, maana nilikua nakariri kamusi maneno 30 kila siku na kesho yake yamepotea yote. Kuna dada akanielekeza kwenye orodha ya Michael West ya 1953, maneno kama 2,000 yanayotumika sana, akasema maliza hayo kabla hujakimbilia magumu.

Aisee yule dada Mungu ambariki. Nikashuka mpaka maneno 7 kwa siku, kila neno kwenye kadi yake na sentensi yangu mwenyewe ya kazini (niko mapokezi, loji moja Karatu), narudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, nikikosea kadi inarudi mwanzo. Ila kilichonifungua zaidi ni maneno yanayotembea pamoja, sisi "fanya" inabeba kila kitu lakini wao ni "make a mistake" halafu "do the laundry", na mvua kubwa ni "heavy rain" sio "big rain", hiyo nimeisema miaka na hakuna aliyenirekebisha.

Juzi mgeni kalalamika maji ya moto hayatoki, nikamuelezea shida ya boila mwanzo mwisho bila kumuita bosi. Nilifurahi sana jamani.

Sasa "put off", "put up with", "put out" ndo bado zinanichanganya, mwenye mbinu naomba anisaidie.