Mjadala: Je, Damien Duff ni ushahidi kwamba kijana wa Ireland lazima aondoke kwao mapema?

MLETA MADA

Wadau wa soka, heshima kwenu.

Kila ikizungumzwa kanuni inayowazuia vijana wa Jamhuri ya Ireland kusajiliwa Uingereza kabla ya kutimiza miaka 18, kuna jina huwekwa mezani kama turufu: Damien Duff, winga wa zamani wa timu ya taifa ya Ireland. Wanasema angebakizwa Dublin mpaka 18, dunia isingemjua. Mimi naona anatumiwa vibaya, na nataka tulijadili kwa hoja.

Kanuni yenyewe, kwa ufupi. FIFA hairuhusu mchezaji kuhamia nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni kwamba ndani ya Umoja wa Ulaya kijana anaweza kuhama akiwa na 16. Waingereza walipojitoa kwenye Umoja, mlango huo ukafungwa kuanzia Januari 2021. Vijana wa Dar, Mombasa au Bujumbura hawajawahi kuwa nao. Kwa Waairishi, hata hivyo, ndiyo njia waliyoipita babu zao wa soka kizazi baada ya kizazi.

Sasa Duff. Kazaliwa Machi 1979, mtoto wa Ballyboden, kusini mwa Dublin. Akapita timu za mtaani, ikiwemo St Kevin's Boys, akachukuliwa na Blackburn Rovers katikati ya miaka ya 1990 akiwa hajafikisha 18. Hapo ndipo wengi husimamisha hadithi: aliondoka mapema, akawa nyota, mwisho wa maneno. Lakini angalieni alienda kwa nani na alikuta nini.

Blackburn walikuwa mabingwa wa England mwaka 1995 kwa fedha za Jack Walker, mtu wa palepale Blackburn. Tajiri huyo hakununua wachezaji tu, alijenga pia uwanja wa mazoezi na akademi pale Brockhall. Kiangazi cha 1996 wakamuuza Alan Shearer kwenda Newcastle kwa pauni milioni 15, na kile kikosi cha ubingwa kikaanza kumeguka. Klabu ilihitaji damu mpya. Siku ya mwisho ya msimu wa 1996/97, dhidi ya Leicester, Duff akapewa jezi ya kikosi cha kwanza. Alikuwa na miaka 18. Soma tena hapo: kumi na nane. Umri uleule ambao kanuni ya leo inamruhusu kijana kuondoka!

Wiki chache baadaye alikuwa Malaysia na timu ya vijana ya Ireland chini ya Brian Kerr, wakamaliza nafasi ya tatu duniani. Baada ya hapo alikula misimu sita kamili Ewood Park, uwanja wa Blackburn. Alishuka nao daraja mwaka 1999, akapanda nao 2001, akatwaa nao Kombe la Ligi 2002 kwa kuwafunga Tottenham 2-1 pale Cardiff. Aliharibu mechi, akapumzishwa, akarudishwa, akaumia, akarudi tena. Klabu ilimvumilia kwa sababu ilimhitaji.

Na matunda tuliyaona wote Juni 2002, kwenye Kombe la Dunia. Kocha wa Ireland, Mick McCarthy, alikuwa amempoteza nahodha Roy Keane baada ya kugombana naye kambini kule Saipan, hata kabla mpira haujaanza kuchezwa. Akamtoa Duff pembeni na kumpanga mbele na Robbie Keane. Waliomtazama siku ile dhidi ya Hispania pale Suwon, hata wa kwenye vibanda umiza vyetu, hawawezi kuisahau. Alipokea mpira mgongo ukiwa golini, akageuka, akawakimbilia mabeki mmoja baada ya mwingine, mpira umeganda kwenye mguu wa kushoto. Aliangushwa wakapata penalti, Ian Harte akapiga, kipa Casillas akaidaka. Robbie Keane akasawazisha kwa penalti nyingine dakika za mwisho, kisha Waairishi wakatolewa kwa matuta. Kwangu mimi hakuna mchezaji aliyeng'ara kuliko Duff katika mechi ile, na hapo naweka upande mmoja hata majina makubwa ya Hispania.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: kilichomtengeneza Duff hakikuwa meli ya kwenda England akiwa mtoto. Kilikuwa ni makocha wa kila siku, na timu ya wakubwa iliyomchezesha mfululizo kuanzia miaka 18. Hivyo viwili vikipatikana Dublin, mtoto hana haja ya kuhama mapema. Visipopatikana England, kuhama mapema kunampeleka kuozea kwenye timu za akiba.

Ushahidi wa upande wa pili upo tele. Paul McGrath alitoka St Patrick's Athletic kwenda Manchester United mwaka 1982 akiwa na 22. Roy Keane alitoka Cobh Ramblers akiwa na 18. Kevin Doyle na Shane Long walitoka Cork City kwenda Reading mwaka 2005. Séamus Coleman alitoka Sligo Rovers kwenda Everton kwa pauni 60,000 tu, akiwa na 20. James McClean, winga mwenzake Duff, alibaki Derry City mpaka 22 ndipo Sunderland wakamchukua. Hawa wote walicheza soka la wakubwa nyumbani kwanza, wakapigwa viwiko na wanaume wazima kabla ya kuvuka maji.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, uzi mzuri, lakini umechagua mifano inayokubeba.

Mbona hukumtaja Robbie Keane? Alienda Wolves akiwa na 15. Agosti 1997, mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Norwich, akatupia mawili akiwa na 17. Akamaliza na mabao 68 kwenye timu ya taifa, na hakuna Mwairishi aliyemfikia. Mbona hukumtaja Liam Brady, aliyeingia Arsenal akiwa na 15 mwaka 1971? Hata wa sasa: Nathan Collins alienda Stoke akiwa kijana mdogo, akacheza kikosi cha kwanza akiwa na 17, leo ni beki wa Brentford na amevaa kitambaa cha unahodha wa taifa.

Na unasema Duff alianza kucheza akiwa na 18. Sawa. Je, miaka ile aliyokuwa akifundishwa pale kabla ya hapo haihesabiki? Siku ya Leicester hakudondoka kutoka mbinguni. Alikuwa ameshafanya mazoezi na watu wa Ligi Kuu, amekula chakula cha wanamichezo, amelala kwa ratiba. (Kulala hasa! Brian Kerr alikuwa akimtania kwamba godoro lake lina gundi.) Mtoto wa Dublin anayefanya mazoezi jioni chache kwa wiki baada ya shule hawezi kufika 18 akiwa sawa na mwenzake wa England aliyefundishwa kila siku. Kati ya 16 na 18 ndipo mtu anapoiva.

Ireland haikucheza Kombe la Dunia 2006, wala 2010, 2014, 2018, 2022. Huu ndio wakati wa kuwapunguzia vijana nafasi?

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba nitoke nje ya mada kidogo, mnisamehe.

Mnabishana kuhusu alivyoanza, mimi moyo wangu unauma kwa alivyomalizikia Chelsea. Julai 2003 Abramovich ndiyo kwanza kanunua klabu, Duff anakuja kwa pauni milioni 17. Msimu wa 2004/05 Mourinho anampanga upande mmoja, Arjen Robben upande mwingine, na hakuna beki wa pembeni England aliyelala usingizi mzuri. Wakawa mabingwa: pointi 95, mabao 15 tu ya kufungwa. Usiku ule wa Barcelona pale Stamford Bridge, Machi 2005, bao la tatu ndani ya dakika 19 lilikuwa lake. Kisha kiangazi kile kile wanamleta Shaun Wright-Phillips kwa pauni milioni 21, na baada ya ubingwa wa pili Duff anauzwa Newcastle kwa milioni 5. Ana miaka 27!

Majeraha yalichangia, najua. Lakini klabu tajiri haina subira. Ndiyo maana namuunga mkono mleta mada: Blackburn walimvumilia, Chelsea hawakuwa na sababu ya kumvumilia. Na mtoto wa 16 anayekimbilia klabu ya aina hiyo atavumiliwa na nani?

MCHANGIAJI WA TATU

Salaam kutoka Dublin. Mimi ni mzazi, kijana wangu yupo kwenye akademi ya moja ya klabu za ligi ya hapa. Sitaitaja.

Ndugu zangu, mnajadili kanuni, sisi tunaishi nayo. Makocha wa huku wengi wana kazi zao nyingine mchana. Wanakuja uwanjani jioni wamechoka, wengine bado na nguo za kazini, na wanajitolea kwa moyo ambao siwezi kuueleza nikamaliza. Mvua ya Novemba inapiga, watoto wanagombania nusu ya uwanja wa nyasi bandia kwa sababu nusu nyingine ina timu nyingine. Mleta mada anasema "hivyo viwili vikipatikana Dublin". Bado havijapatikana, kaka. Kijana wangu hawezi kuisubiri serikali, umri wake haumsubiri.

Lakini sitaki urudi ule utaratibu wa zamani pia. Jirani yangu ni mwanamume wa makamo aliyeenda England akiwa na 16 akarudishwa akiwa na 19, hana cheti cha shule wala klabu. Anasema wenzake wengi wa kundi lile walirudi hivyo hivyo. Watu hawa hawana wa kuwaandikia uzi.

MLETA MADA

Ahsanteni. Nianze na mzazi wa Dublin, kwa sababu maneno yake ndiyo mazito kuliko yote humu. Dada au kaka, ulichosema kinanipa sababu zaidi ya kushikilia msimamo wangu. Nguvu inayotumika kuililia England ingetumika kuibana serikali ya Dublin na shirikisho la soka walipe makocha wa akademi mshahara wa kazi ya kutwa. Na mtu ambaye amekuwa akiwabana hadharani kuhusu hali hiyo ni Duff mwenyewe.

Hapa ndipo wanaomtumia kama turufu ya kuondoka mapema wananikera. Wanaishia 2003. Hawataki kuangalia alichofanya baada ya kurudi. Mwaka 2015 alijiunga na Shamrock Rovers, akatoa mshahara wake kwa mashirika ya hisani, akastaafu Desemba mwaka huo majeraha yakiwa yamemshinda. Mtu mwenye mechi 100 za taifa na mataji mawili ya Ligi Kuu angeweza kwenda kukaa studio za televisheni akalipwa vizuri. Badala yake alikwenda kufundisha watoto wa chini ya miaka 15 wa Shamrock Rovers, na akawaamsha kufanya mazoezi alfajiri kabla ya shule, kwa sababu aliona saa za jioni peke yake hazitoshi. Baadaye akachukua Shelbourne, timu ya Tolka Park. Mwaka 2022 walipigwa 4-0 na Derry City kwenye fainali ya Kombe la FAI, kombe la shirikisho la soka la Ireland. Novemba 2024 walikwenda Derry kwenyewe, wakashinda 1-0, wakawa mabingwa wa Ireland kwa mara ya kwanza baada ya miaka 18. Aliondoka Juni 2025, lakini alikuwa ameshawaonyesha watu kwamba ligi yao wanayoidharau inaweza kujaza uwanja na kufundishwa kwa kiwango.

Mchangiaji wa kwanza, Robbie Keane na Collins nawakubali wote. Lakini tazama walipochezea: Wolves ya 1997 na Stoke ya 2019 zote zilikuwa daraja la pili, timu zenye nafasi. Ndicho nilichosema kuhusu Blackburn. Sasa mweke pembeni yao Troy Parrott, mtoto wa Dublin mwenye kipaji kisicho na shaka. Alienda Tottenham akiwa kijana mwaka 2017. Akapata mechi za kuhesabika, akazungushwa kwa mkopo klabu hii na ile, na ni Uholanzi alikokuja kutulia, kwanza Excelsior, kisha AZ. Novemba 2025 ndiye aliyeifungia Ireland mabao matatu dhidi ya Hungary kule Budapest. Miaka minane! Unajua ingekuwaje kama mitatu ya mwanzo angeicheza kwenye ligi ya nyumbani, kila Ijumaa usiku, dhidi ya mabeki watu wazima?

Na hatuna haja ya kubahatisha. Tottenham hao hao walikubaliana na St Patrick's Athletic mapema 2025 kumchukua mshambuliaji Mason Melia, ila kwa sababu ya kanuni, kijana akabaki Dublin akicheza ligi ya wakubwa mpaka Januari 2026. Klabu yake ilivuna fedha ambazo klabu za Ireland hazijawahi kuona kwa mchezaji mmoja. Zamani mtoto kama huyo angeondoka na 16 kwa fidia ndogo ya mafunzo. Fedha kama hizo zinaweza kumlipa kocha wa kijana wa huyu mzazi wetu asije tena uwanjani na nguo za kazini.

Mchangiaji wa kwanza, nakuachia uwanja. Nitajie nani mwingine aliyeondoka na 16 miaka ya karibuni akapata msimu mzima wa kikosi cha kwanza kabla ya 19, klabu gani, na nani alikuwa mbele yake kwenye nafasi hiyo.