Chembe za metali dhidi ya saratani: fedha za umma ziendelee?

Mleta mada: Wakuu, tujadili bila ushabiki. Tumeahidiwa muda mrefu kwamba chembe nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) za dhahabu na chuma zitaifuata saratani hadi ilipojificha. Mwaka 2016 watafiti walipitia tafiti za miaka 10 kwa wanyama, wakakuta kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya dozi iliyodungwa kwenye damu ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Mimi nasema chembe hizi zote zisipewe tena hata senti ya umma.

Mchangiaji A: Umechagua mfano unaokufaa. Chembe za oksidi ya hafniamu, metali nzito, hazipiti kwenye damu: zinadungwa ndani ya uvimbe wenyewe, mara moja, kisha mgonjwa anapata mionzi yake kama kawaida. Metali hiyo nzito inameza mionzi kuliko nyama inayoizunguka, nguvu inatua palepale. Kwenye jaribio la sarkoma (saratani ya tishu laini kama misuli na mafuta) lililochapishwa 2019, waliobakiwa na chini ya asilimia 5 ya seli hai za uvimbe walikuwa asilimia 16, dhidi ya 8 kwa mionzi pekee.

Mleta mada: Hizo ni seli chini ya hadubini, mkuu. Mimi nauliza mgonjwa ameishi muda gani zaidi.

Mchangiaji B: Na msisahau chuma. Ulaya iliruhusu 2010 oksidi ya chuma kwa uvimbe wa ubongo: inadungwa, kisha sumaku inayogeuka mara 100,000 kwa sekunde inaipasha moto. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mgonjwa anatolewa kwanza vijazo vya metali menoni, na baada ya hapo MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, haioni vizuri sehemu ile ile ambayo saratani hurudi. Unamfuatilia vipi?

Mchangiaji A: Kwa CT, picha ya eksirei. Na kama hoja ni madhara, hata sisplatini, dawa ya saratani, ina metali ya platinamu, inaumiza figo, na tangu iruhusiwe 1978 hakuna anayetaka ifutwe.

Mleta mada: Sisplatini sehemu kubwa hutoka na mkojo. Dhahabu ikishakaa kwenye ini, imekaa. Ila nakubali, za kudungwa ndani ya uvimbe nimezionea. Hizo ziendelee.

Mchangiaji A: Asante. Sasa niambie: saratani ikishasambaa kwenye mifupa na mapafu, vivimbe visivyoonekana hata kwenye picha, sindano utaichoma wapi kama si kwenye damu?