Taa ya mezani: alabasta ya Misri, ya Italia au jiwe la Kisii?

mwanabandari_77:
Wakuu habari za mchana. Shemeji yangu anaishi Cairo na anakuja Tanga likizo, kaniambia nichague zawadi moja ya jiwe. Mi nataka taa ya mezani, ile ukiwasha jiwe lenyewe linawaka rangi ya asali. Naona kuna alabasta ya Misri, kuna ya Italia (bei zake mtandaoni zimechangamka balaa), halafu jirani yangu anasema achana nazo agiza jiwe la Kisii hapo Kenya, kitu kilekile. Ni kweli? Mwenye uzoefu atiririke.

fundi_mawe:
Sio kilekile mkuu, tena hata hizo alabasta mbili sio jiwe moja. Ya Italia, ile ya Volterra kule Toscana, ni jasi, yaani hii hii jipsam ya kwenye dari zetu, ila yenyewe imeshikamana chini ya ardhi kwa chembe ndogo mno mpaka mwanga unapenya. Ya Misri ni kalsaiti, ukoo mmoja na marumaru (nasema jiwe lenyewe, sio hizi tailizi za sebuleni). Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs jasi ni 2, kalsaiti ni 3. Jasi unaikwaruza kwa ukucha, kalsaiti ukucha unateleza tu. Ukidondosha tone la siki kwenye kitako kalsaiti inatoa vipovu, jasi haina habari. Ila usifanyie dukani, utalipishwa 😂

binti_wa_malindi:
Mi nimesoma Misri, kaka, na Luxor tulienda. Upande wa magharibi wa mto, njia ya kwenda Bonde la Wafalme, karakana za alabasta zimejipanga barabarani, na pale mlangoni utakuta wazee wamekaa chini wanagonga jiwe na patasi, mnaoneshwa kazi, mnapewa chai, mkiingia ndani kwenye rafu sasa ndo pa kufungua macho maana vingine ni resini, yaani aina ya plastiki, ya kumiminwa kwenye kalibu. Shemeji awashe tochi ya simu aitumbukize ndani ya chombo. Jiwe la kweli linaonesha mawingu na mistari isiyofuata mpangilio, resini inawaka sawasawa kote, na ukipapasa ubavuni unakuta mshono. Halafu jiwe ni la baridi mkononi, resini haina ule ubaridi. Ya kuchonga kwa mkono ni nyepesi na ukuta wake haulingani, ya mashine ni nzito na imenyooka mno.

mgusii_mtulivu:
Huyo jirani amekuchocha bure. Sisi jiwe letu la Kisii, linalochimbwa Tabaka, ni jiwe la sabuni, mwanga haupiti hata kidogo, taa utawasha uone giza. Lakini usilidharau, linachongwa kwa panga na kisu kidogo, linasuguliwa kwa msasa ndani ya maji, mwisho linapakwa nta. Maji haliogopi, moto haliogopi. Ukitaka sahani ya matunda ama vase ya maua yenye maji kweli, njoo kwetu, hiyo alabasta ya Italia ukiiwekea maji inaliwa polepole.

mzee_wa_kamusi:
Kuna mtu kaniuliza inbox kuhusu jina. Wagiriki wa kale alabastros walikuwa wanamaanisha kichupa cha manukato, jina la chupa ndo likahamia kwenye jiwe. Wapo wanaolirudisha nyuma zaidi mpaka Misri, eti chombo cha Bast, yule mungu wa kike mwenye kichwa cha paka. Inapendeza masikioni ila mi naiona imeungwaungwa. Kwenye Biblia, yule mama wa Bethania aliyemmiminia Yesu marhamu alikuja na chombo cha jiwe hilihili. Na sanduku lililotunza viungo vya ndani vya farao Tutankhamun, kaburi lililopatikana 1922, ni kalsaiti ya Misri.

mwanabandari_77:
Shukrani sana. Basi Italia na Misri ndo zimebaki. Vipi kuhusu balbu?

fundi_mawe:
Weka ya LED, hasa ukichukua ya Italia. Jasi ina maji ndani ya jiwe lenyewe, ikipata joto kali inayaachia, inapauka kama chaki na ule uangavu haurudi. Mafundi wa Volterra wanaipasha moto makusudi polepole ndani ya maji ili ifanane na marumaru, ila hiyo ni kazi ya sanamu, sio ya taa. Kwa nyumba ya pwani yenye watoto wanaogusa kila kitu mi ningechukua ya Misri. Kufuta ni kitambaa kikavu, limao na siki visisogee.

binti_wa_malindi:
Namuunga mkono. Na shemeji asikubali bei ya kwanza, aulize, acheke, aanze kutoka nje, ataitwa tu.