Mwekezaji kaleta bati nyumbani nikiwa sipo, na kikao cha ardhi ni Jumatano. Mjumbe nifanyeje?

Mjumbe wa Nyanda:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, nilichaguliwa Novemba 2024. Tupo Nyanda za Juu Kusini, huku siku hizi kila mtu anakimbilia parachichi. Kuna kampuni inaomba ekari 120 za ardhi ya kijiji, sehemu ambayo watu wanachungia ng'ombe na kuokota kuni. Ombi linajadiliwa kwenye halmashauri Jumatano, kisha linaenda mkutano mkuu wa kijiji.

Jumamosi nilikuwa mnadani. Narudi jioni nakuta bati 30, geji 28, zimeegeshwa ukutani. Mke wangu anasema zimeshushwa na fuso, dereva kamwambia "salamu za bosi kwa mjumbe" na kuondoka. Hakuna risiti, hakuna karatasi. Mjumbe mwenzangu naye kapelekewa saruji. Mwingine kaniambia ninyamaze nisiharibu.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mdogo wangu, tumbo moja, kaahidiwa usimamizi wa shamba hilo. Tangu amalize chuo hana kazi. Mama anajua, na kila nikipita kwake ananiuliza kikao ni lini.

Uwekezaji wenyewe siupingi. Naomba kujua: bati nazirudishaje bila kuonekana nimewatukana watu? Na Jumatano napiga kura au sipigi? Naomba kuwasilisha.

Mkulima Mbozi:
Mkuu, mjumbe hana mshahara. Unaacha shamba lako unaenda vikao, posho hakuna. Kwetu mgeni haji mikono mitupu, wazee wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Ezeka nyumba yako, halafu siku ya kikao piga kura kwa dhamira yako. Kurudisha zawadi ni kumvunjia mtu heshima.

Mtendaji Mstaafu:
Mkulima, nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mgeni wa heshima anakuja mchana, anamkuta mwenye nyumba, anakabidhi mbele ya watu. Hizi bati zimekuja mwenyewe hayupo, siku nne kabla ya kikao, bila karatasi. Kama huyu ndugu asingekuwa mjumbe, fuso lingeijua njia ya kwake?

Mjumbe, nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi, na mtendaji ndiye katibu wa halmashauri, kwa hiyo mihtasari ya namna hii nimeiandika mwenyewe. Sikiliza vizuri.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Ardhi si ya wajumbe. Na halmashauri haina ruhusa kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sasa mdhamini anayepokea kitu kwa anayeomba mali aliyokabidhiwa, huyo anamwakilisha nani? Halafu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiangalii mkono uliopokea. Kupokelewa na mke, mtoto au jirani hakukuokoi. Ukikaa nazo, umezipokea.

Usizirudishe kimya kimya usiku, kesho watasema ulikula. Andika barua fupi leo: tarehe, idadi ya bati, zimeletwa na nani, nani alikuwepo, na kwamba huzipokei. Peleka barua na bati ofisi ya kijiji mchana, na watu wawili wa kushuhudia. Nakala yako igongwe muhuri. Kampuni ikazichukue pale kwa kusaini. Usiandike neno la kumshutumu mtu. Hapo hujamtukana yeyote.

Kuhusu mdogo wako: ajenda ikifunguliwa, simama useme nina ndugu anayenufaika na jambo hili, kisha toka. Usikae pembeni "kusikiliza tu", maana wenzako watakuangalia usoni. Na hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari hivi: "Mjumbe fulani alitangaza maslahi kuhusu ajenda namba fulani, akatoka kabla ya majadiliano, hakushiriki uamuzi." Muhtasari ukisomwa kikao kinachofuata na sentensi hiyo haimo, kataa usithibitishwe mpaka irekebishwe.

Binti Ludewa:
Naongeza la mahudhurio. Kijijini kwetu watu waliitwa "semina ya kilimo", wakasaini karatasi ili wapewe soda na nauli. Baadaye karatasi ileile ikaambatanishwa kama mahudhurio ya mkutano mkuu uliokubali kutoa ardhi. Mama yangu jina lake limo, na siku ile hakusikia neno ardhi. Mpaka leo akipita lile eneo analia. Waambie watu wako wasisaini karatasi isiyo na kichwa cha ajenda na tarehe.

Na tafadhali mkeo asibebeshwe lawama hapo nyumbani. Alishushiwa mzigo mlangoni, angefanyaje? Mwombe awe shahidi kwenye hiyo barua, yeye ndiye aliyemwona dereva.

Nyika Laikipia:
Salamu kutoka Kenya. Huku Katiba ya 2010, Ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli rasmi ni ya Jamhuri. Na chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mkataba wa uwekezaji unahitaji kuidhinishwa na theluthi mbili ya kusanyiko la jamii. Lakini hata huku kamati hufuatwa kwanza, mmoja mmoja, kabla ya wananchi kuitwa. Ndiyo maana namuunga mkono Mtendaji: toa jambo hadharani mapema. Kama kampuni inataka kusaidia, itoe mabati ya darasa, kwa barua, wananchi wakiona, tena baada ya uamuzi.

Mkulima Mbozi:
Hilo la darasa nimelielewa. Ila kijana kukosa kazi kwa sababu kaka yake ni mjumbe, si haki.

Mtendaji Mstaafu:
Hakuna aliyesema akose. Aombe kama wengine, nafasi itangazwe, na kaka asiwe amegusa uamuzi. Akipewa kwa vyeti vyake, hakuna wa kumnyooshea kidole.

Mjumbe wa Nyanda:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Barua naandika usiku huu na mke wangu amekubali kusaini. Kwa mama nitakwenda kesho asubuhi, bora asikie kwangu kuliko mtaani. Swali la mwisho: mtendaji wa kijiji akikataa kuipokea?

Mtendaji Mstaafu:
Nenda kwa mtendaji wa kata na barua hiyohiyo, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Andika pembeni tarehe uliyokataliwa na jina la aliyekataa. Ukianza kutishwa, piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Bati zipige picha kabla hazijatoka hapo ukutani.