Wauza nyama wa Mombasa, mtatuuzia paja kwa bei ya sarara mpaka lini?

Wenzangu, leo sinyamazi. Nimeagiza sarara nzima kwa ajili ya wageni, nimelipa bei ya sarara bila hata kuomba kupunguziwa, nafungua karatasi nyumbani nakuta nyama ya paja. Ile ndefu ya mviringo, ambayo ukiitazama kwa haraka utaapa ni sarara. Wanaijua vizuri sana, ndiyo maana wanachagua hiyo hiyo.

Basi shikeni hili. Sarara ina kichwa kinene, kisha inachongoka mpaka inaishia mkia mwembamba. Ile ya paja ina unene karibu mmoja mwanzo mpaka mwisho, imepauka kidogo na nyuzi zake ni nene. Sarara imelala ndani chini ya uti wa mgongo, haina kazi kubwa, ndiyo ikawa laini. Paja ndilo lililomtembeza ng'ombe malishoni maisha yake yote! Na musikubali ikakatwe huko nyuma ya pazia. Ikishakuwa vipande, utabishana na nani?

Nikarudi kumuuliza muuzaji, akanijibu: "Ami, si zote steki?" Kama zote ni steki, mbona bei ni mbili? Akageuka kumhudumia mama aliyekuwa nyuma yangu.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mabucha yetu mengi yana bei tatu tu, steki, ya mifupa na kima, halafu matumbo na maini pembeni. Yaliyobaki ni shoka. Kuna nyama inayoning'inia ndani karibu na figo, imeshikana na ule ukuta unaotenga kifua na tumbo. Ng'ombe mmoja anayo moja tu, na kwa kawaida haifiki kilo. Ni nyeusi, nyuzi zake zaonekana wazi, katikati umepita mshipa mgumu ambao lazima uutoe, na ladha yake inakaribia ini. Ufaransa wanaiita onglet na watu wanaifuata. Hapa, ukiiomba unaonyeshwa mapafu. Yenyewe imeshasagwa kwenye kima, au mwenye bucha ameipeleka kwake. (Na huyo simlaumu sana, anajua kula.)

Bega nalo vilevile. Juu ya mfupa wa bega kuna kipande bapa chenye ukanda mweupe mgumu katikati. Utoe ule ukanda, unabaki na minofu miwili ambayo kwa ulaini inashindwa na sarara peke yake. Marekani waliidharau vilevile, mpaka watafiti wa vyuo vikuu vya Nebraska na Florida walipoipima misuli ya bega mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kuuzwa kama nyama ya kuchoma. Ingekuwa mishkaki ya bei nafuu hiyo! Lakini wetu anapiga shoka katikati, mfupa na nyama pamoja, vipande vya mfupa vimejaa ndani, haya chukua ya mifupa.

Na nundu, jamani? Ng'ombe wetu wa huku karibu wote wana nundu, Boran na zebu wengine, lakini ukiuliza, "imeshachukuliwa". Na nani, kila siku? Brazili, ambako nako zebu ndio wengi, wanaiita cupim, wanaichoma polepole kwa saa nyingi na inauzwa kwa jina lake. Huku ukibahatika unakatiwa shingo yenye mafuta na kuapiwa kuwa ni nundu. Tazameni mafuta: ya nundu yamepenya ndani katikati ya nyuzi, hayakukaa juu kama tabaka.

Mashavu mukiyakuta yamechanjwa musitishike, huyo ni mkaguzi wa nyama aliyekuwa akitafuta vile vijifuko vyenye mabuu ya tegu. Hapo muuzaji hana kosa.

Sitaji bucha, wallahi sitaki kesi. Ninachotaka ni kimoja. Kama kuna mtu, iwe Kongowea, Majengo, Likoni au popote, anayemjua muuza nyama anayetundika nusu ya ng'ombe mbele ya mteja na kukata pale unapomwonyesha kidole, kwa kisu si kwa shoka, aandike hapa chini. Bei nitalipa. Na wale wa "nyama ni nyama" musinijibu.